Ukaguzi wa Pua

Kwa miaka mingi kikosi chetu cha kuzima moto wa misitu kilikuwa na kinga moja tu ya mapafu, nayo ni maziwa. Mtu akitoka motoni, macho mekundu na kifua kinamwasha, anapewa pakiti moja ya baridi na kuambiwa anywe taratibu ili yaoshe moshi. Maziwa yanateremka tumboni, moshi uko kifuani, na mimi sijawahi kuonyeshwa mahali vitu hivyo viwili vinapokutana. Nililisema hilo mara moja tu, nilipokuwa mgeni kazini. Nikaulizwa kama mimi ni daktari au ni mtunza stoo. Nikajibu mtunza stoo, nikaambiwa basi nitunze stoo.

Ndiyo kazi yangu mpaka leo. Stoo ni chumba cha mabati nyuma ya ofisi, kina mabomba ya kubeba mgongoni, reki, mapanga, vipigio vya mpira vya kuchapia moto wa majani, na jokofu la hayo maziwa. Watu wananiita Dada Stoo, hata walionizidi umri. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyeitaja siku naajiriwa, ni kufua leso.

Hizo leso nizieleze vizuri, maana ndizo zilizotufikisha hapa. Zamani kidogo, mkurugenzi mmoja aligundua kwamba baadhi ya watu wakipelekwa motoni wanajipenyeza upande usio na upepo, wanajilaza kwenye kivuli, kisha wanarudi na wenzao wakilalamikia mgongo. Badala ya kwenda kuwaangalia mwenyewe, jambo ambalo lingemtoa kitini, akabuni kipimo. Kila mtu akapewa leso nyeupe ya ofisi. Moto ukishazimwa, kikosi kinajipanga uwanjani, msimamizi anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanapenga kamasi kwa pamoja. Leso ikiwa nyeusi, ulikuwa mstari wa mbele. Ikiwa ya kijivu, ulikuwa katikati na ujirekebishe. Ikiwa nyeupe, wewe ni mtoro. Mwenye nyeusi anapata maziwa na anakumbukwa vyeo vikigawiwa. Mwenye nyeupe anapata maneno. Mkurugenzi yule alihama, kipimo kikabaki, na waliomfuata wakakikuta kama mpangaji anavyokikuta choo cha nyumba, bila kuuliza nani alikijenga na kwa nini pale.

Msimamizi wa kikosi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na ukaguzi huo aliupenda kuliko mshahara wake. Alipita kwenye mstari mikono nyuma, akainama juu ya kila leso, akavaa miwani, akavua, akatoa hukumu. Alidai anaweza kujua kwa kutazama tu kama moshi ule ni wa misonobari au wa nyasi. Akiwa mbali watu walimwita Mzee Pua. Akiwa karibu walimwita Mkuu na kumvika kilemba cha ukoka mpaka shingo ikamchoka.

Leso aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka ni wa tumbo moja na mimi, amenitangulia. Yeye ndiye aliyeongoza watu wa mbele kabisa, wale wanaokata ukanda wa kuzuia moto usivuke huku ndimi zenyewe zikiwa hatua chache kutoka kwao. Walimpa jina la Tanuri, kwa sababu moshi ulimwingia na hakukohoa. Leso yake ilitoka nyeusi tii, na Msimamizi alikuwa akiishika kwa ncha mbili na kuwaonyesha vijana, akiwaambia watazame, hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi. Kaka alikuwa akivimba kichwa pale, siwezi kumsitiri. Lakini hakuna mtu mkweli kama yeye niliyewahi kumwona. Utotoni mama akiuliza nani amelamba sukari, kaka anajitaja mwenyewe kwanza, halafu ananitaja na mimi, ili hesabu ikamilike. Nimechapwa sana kwa ajili ya ukweli wa kaka.

Kisha akaanza kupumzika njiani. Kutoka getini mpaka stoo alikuwa anasimama mara moja, akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake vyenyewe ni vya mpira, havina kamba. Wifi yangu akanivuta kando akaniambia mumewe siku hizi halali kitandani, analala ameketi kwenye kiti, na akiulizwa anasema kiti ni kizuri kwa mgongo. Tukamdanganya kwamba mimi ndiye mgonjwa nahitaji wa kunisindikiza, tukamfikisha hospitali.

Daktari alitazama picha ya kifua chake muda mrefu, akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi. Kaka akasema hajawahi. Daktari akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kuongea naye. Nikamweleza kazi yake. Hapo akaiweka picha mezani. Akatuambia mapafu yale yamejaa makovu na hayatapona, lakini yaliyobaki yanaweza kumtosha mtu anayejitunza. Msimu mmoja zaidi wa moshi bila barakoa ya maana, hatapanda tena kilima, na baada ya hapo hata kutembea mpaka chooni kutakuwa safari. Kaka akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama maziwa hayatoshi. Daktari alidhani ni mzaha, akatabasamu.

Tukiwa njiani kurudi akaniapisha nisiseme ofisini. Kwetu mtu akionekana hafai motoni anapelekwa getini, kazi yake kuinua mti wa kizuizi gari likija na kuushusha likipita. Kaka aliliogopa geti lile kuliko moto wowote. Nikaapa, huku moyo unaniuma.

Kwa hiyo barakoa zilipoletwa, mimi peke yangu pale ofisini nilikuwa na sababu ya kulia kwa furaha, na nililia, nyuma ya jokofu. Zilitoka kwa mfadhili. Zilikuwa barakoa nzuri za mpira, zinaziba pua na mdomo, zina vichujio viwili vya mviringo mashavuni na mikanda ya kukaza kisogoni. Nikataka kuzigawa siku ileile. Mkurugenzi akasema hapana, lazima zizinduliwe.

Uzinduzi ulisubiri hema, hema likasubiri viti, viti vikasubiri mgeni rasmi, na wakati huo misitu ilishaanza kukauka. Siku ilipofika, Mkurugenzi alikata utepe, akavaa barakoa juu chini, akahutubia akiwa nayo usoni, na kwa kuwa hakuna neno lililosikika, tulipiga makofi kila aliponyamaza. Alipoivua akarudia sehemu moja aliyoipenda, kwamba kuanzia leo moshi utafute kazi nyingine. Kikosi kikavaa, kikapigwa picha, kikavua. Nikaagizwa nizipanguse, nizirudishe kwenye maboksi yake, na nisimpe mtu.

Nilijikaza kisabuni siku kadhaa, halafu nikaingia ofisini kwa Mkurugenzi kumuuliza zitatumika lini. Akanieleza, kama mtu anayemwelewesha mtoto, kwamba vile ni vifaa vipya na motoni kuna masizi, vitachafuka. Nikamwambia vikichafuka nitaviosha, ndiyo kazi yangu, nafua mpaka kamasi. Nadhani kilichomlainisha si mimi bali mfadhili, aliyekuwa ameomba picha za barakoa zikiwa kazini. Akakubali kwa moto mmoja, wa majaribio.

Mimi nilikisoma kijitabu cha maelezo chote, nikamwambia kaka kwamba barakoa haishiki penye ndevu. Alikuwa na ndevu alizozitunza tangu ujana. Kesho yake akaja kidevu kitupu, anaonekana mdogo kuliko mimi, na wifi akaniambia watoto wamemkimbia mlangoni. Siku ya moto wenyewe, ulipozuka kwenye mteremko wa nyuma ya kambi, nilimfunga barakoa kwa mikono yangu. Nilimwambia azibe vichujio kwa viganja na avute pumzi mpaka mpira umng'ang'anie mashavuni. Ukamng'ang'ania. Akanikonyeza, akapanda kwenye lori, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikala chakula cha mchana nikakimaliza.

Walirudi jua likianza kuinama, wamechafuka mashati na vipaji vya nyuso, barakoa zinaning'inia shingoni. Wakajipanga. Msimamizi akahesabu moja, mbili, tatu. Wakapenga.

Leso zote zilikuwa nyeusi. Ya kaka ilikuwa nyeupe kama nilivyoifua.

Msimamizi akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akaigeuza leso ile upande wa pili, ikawa nyeupe huko pia. Jamaa mmoja tunayemwita Mapepe akapasuka kicheko, na wengine wakamfuata. Kaka akasema, "Nilikuwa mbele, Mkuu."

"Pua yako haisemi hivyo," Msimamizi akamjibu, kwa huzuni ya kweli, kama baba aliyeletewa kesi ya mwanawe.

Siku hiyo kaka hakupewa maziwa. Nilikuwa nimeshika pakiti yake mkononi, Msimamizi akatikisa kichwa, nikairudisha kwenye jokofu. Sijui kwa nini niliirudisha. Ningeweza kuitupa usoni kwake.

Kamati ikaundwa. Walikaa Mkurugenzi, Msimamizi, na mabwana wawili wa ofisini ambao moshi wanaujua kwa kuchoma takataka nyumbani. Waliwaita watu wa kikosi mmoja mmoja wakawauliza kama walimwona Tanuri mstari wa mbele. Kila mtu alijibu kwa ukweli wake: walikuwa wamevaa barakoa, wote sura moja, waliona watu wakikata ukanda lakini nani ni nani hawawezi kuapa. Wakamuuliza kaka ana ushahidi gani. Akasema ushahidi wake ni kwamba ukanda ulikatwa na moto haukuvuka. Wakamwambia hilo ni la kikosi kizima.

Mimi niliingia kupeleka chai, na ndipo nikayasikia mahitimisho. La kwanza, barakoa hazizuii moshi, kwa sababu watu wote waliozivaa wametoka na pua nyeusi. La pili, Tanuri hakuwepo motoni, kwa sababu pua yake ni nyeupe. Nikaweka sinia mezani, nikauliza kama haiwezekani pua yake ni nyeupe kwa sababu barakoa imefanya kazi. Msimamizi akanijibu kwa upole kwamba ingefanya kazi, ingefanya kwa wote. Wale mabwana wawili wakaitikia kwa vichwa. Mkurugenzi akaniambia sukari imezidi.

Kaka akapelekwa getini. Barakoa zikafungwa kwenye maboksi zirudishwe kwa mfadhili na shukrani, na maelezo kwamba hazifai kwa moshi wa aina yetu. Mgao wa maziwa ukaongezwa.

Nilikuwa nahakiki maboksi yale Mapepe alipokuja kurudisha barakoa yake, kachelewa kama kawaida yake. Nikaigeuza. Nje ilikuwa imejaa masizi. Ndani ulikuwa mpira safi, ungeweza kuutia uji ukanywa. Nikamuuliza aliivaa au aliibeba. Akasema aliivaa mwanzo mwisho, na tangu aanze kazi hii ilikuwa mara ya kwanza kufika nyumbani bila kichwa kumgonga, akaomba kama naweza kumfichia hata moja. Nikamuuliza sasa ile leso yake nyeusi ilitoka wapi.

Mapepe akanitazama kwa huruma. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkaa, kimelainika kwa kushikwashikwa.

"Dada Stoo," akasema, "kwani bado kuna mtu anapenga kweli?"

Nikakaa juu ya boksi. Akanieleza bila aibu, maana kwake halikuwa jambo la siri, lilikuwa jambo la kazi. Watu wote wana mkaa mfukoni. Wakiwa motoni wanajifunga vitambaa vya maji, wanakwepa moshi kadiri wanavyoweza, wanafanya kazi vizuri tu, na kabla ya kushuka kwenye lori kila mtu anajipaka kidogo ndani ya pua. Mgeni akija anafundishwa wiki ya kwanza, pamoja na kunoa panga. Nikamuuliza kuhusu kaka. Akacheka. Akasema Tanuri walikuwa wanamhusudu, mkaa wake ulikuwa mkali kuliko wa wote. Walishamuuliza anautoa mti gani, akawa anasema ni moshi, ni moshi, wakamwona ni mchoyo.

Sikucheka. Kaka yangu alikuwa ameuvuta moshi ule wote peke yake, kwa niaba ya kikosi kizima, na wenzake wakidhani anawaficha duka anakonunua.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, nikamtolea uvivu. Nikamweleza mkaa, nikamweleza barakoa ya Mapepe, nikamweleza mpaka hospitali, kiapo changu kikafia pale mezani kwake na sijutii. Alinisikiliza vizuri, nampa haki yake. Alipanga kalamu zake. Kisha akaniuliza kama ninaelewa ninachokisema. Kama leso ni uongo, basi vyeo vyote vilivyotolewa kwa leso ni uongo, na Msimamizi mwenyewe alipanda kwa leso. Na yeye Mkurugenzi alishakwenda mkutanoni kueleza kipimo chetu, na ofisi nyingine mbili zimeshakianza.

"Kaka yako yuko getini," akasema. "Getini hakuna moshi. Wewe ulitaka nini kingine?"

Na hapo alinishika pabaya, maana ni kweli. Zile wiki za getini kaka alianza kupumua. Si sana, lakini alikuwa anaweza kumaliza sentensi bila kutua katikati. Alifika stoo bila kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Dhuluma ilikuwa inamtibu. Nilijiambia nikae kimya, mvua zije, msimu upite, aibu haijawahi kumuua mtu.

Lakini alikuwa anaona haya. Magari ya kikosi yalipopita alikuwa anainua mti na kutazama pembeni. Vijana walikuwa wanampigia honi na kujishika pua. Mwanawe mkubwa aliuliza mezani kama ni kweli baba alikimbia, na wifi akaniambia kaka aliweka kijiko chini, akainuka, akaenda kukaa nje.

Jumapili moja nilikwenda kwake nikamwambia. Alikuwa sebuleni, shati wazi, anatengeneza redio. Niliona ni afadhali ajue kwamba wale wanaomcheka wote ni waongo, labda itamwondolea mzigo. Alisikiliza akiwa na bisibisi mkononi. Aliniuliza swali moja tu.

"Hata yule niliyembeba?"

Kulikuwa na mtu aliyezirai motoni mwaka fulani, kaka akambeba mabegani mpaka barabarani. Nikamwambia hata huyo.

Akaendelea kukaza skrubu. Nikatoa kipande cha mkaa nilichopewa na Mapepe, nimekifunga kwenye karatasi, nikakiweka juu ya meza. Nikamwambia kama anataka kurudi kikosini arudi na hiki, nami nitamtunzia barakoa moja isirudi kwa mfadhili. Avae barakoa, ajipake mkaa, Mzee Pua afurahi, sisi tubaki naye. Nilimwambia nampenda, neno ambalo kwetu hatuambiani, na kwamba nikimpoteza yeye sina mtu mwingine duniani anayenijua tangu mtoto. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Barakoa nipe," kaka akasema mwishowe. "Mkaa ubebe mwenyewe. Jina langu silisafishi kwa mkaa."

Nikaridhika na hiyo barakoa. Niliitia kwenye begi lake, na vichujio vipya na kitambaa cha kulowesha maji.

Moto mkubwa wa mwaka ulikuja na upepo wa asubuhi. Ulivuka kilima, ukashika misonobari mikubwa, na Mkurugenzi akaamuru kila mwanamume aende, wa ofisini wabaki kuratibu. Kaka aliitwa kutoka getini. Nilimwona anakimbia kuelekea lori, mbio zake zile za siku hizi, na nikampungia mkono nikimwonyesha uso wangu, kumkumbusha avae. Akaitikia kwa kichwa.

Adhuhuri nilikwenda getini kuinua mti, maana gari la maji lilikuwa limekuja na hapakuwa na mtu. Begi lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa kibanda. Nikalifungua. Barakoa ilikuwa ndani, imekunjiwa mikanda yake vizuri, na chini yake kitambaa nilichokuwa nimempa cha kulowesha maji. Hakuwa amechukua chochote. Nilisimama pale nikatazama moshi ule mweusi juu ya kilima, na gari la maji lilikuwa linapiga honi nyuma yangu.

Walirudi jioni. Ukanda ulikuwa umekatwa, moto umekufa ndani yake. Wakajipanga uwanjani, kaka mwisho wa mstari, kidevu kitupu, macho kama vidonda. Msimamizi akahesabu. Wakapenga.

Sitaki kuieleza leso ile. Msimamizi aliifikia, akavaa miwani, na nilimwona midomo inamcheza. Akaiinua juu kwa ncha zake mbili. "Tanuri amerudi," akasema, na kikosi kizima, kila mtu na mkaa wake mfukoni, kikapiga makofi. Walipiga kwa moyo, nadhani. Hata Mapepe alipiga, ila alikuwa ananitazama mimi. Kaka alitabasamu kwa watu wote. Kisha akakaa chini pale mstarini, kama anayepumzika kidogo, na walipomwambia ainuke akapokee maziwa hakuweza.

Hospitali walimweka kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Walimvisha barakoa ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye mpira mrefu unaoleta hewa kutoka ukutani. Daktari yuleyule alinikuta mlangoni, hakuniuliza chochote. Aliniambia tu isivuliwe, hata wakati wa kuongea, hata kwa muda mfupi. Akitaka maji nimwite muuguzi. Nikavuta kiti nikakaa karibu na kichwa chake. Wifi alikaa miguuni. Kaka alikuwa anavuta pumzi kwa mabega.

Siku ya pili akaja Mkurugenzi, na Msimamizi, na kijana wa ofisi mwenye kamera, na boksi la maziwa lililofungwa utepe. Walikuwa na cheti kwenye fremu. Mkurugenzi alisimama upande wa dirishani penye mwanga, akasema kwa sauti ya uwanjani kwamba kamati imejiridhisha, jina la Tanuri limesafishwa, na kuanzia siku hiyo yeye ni msimamizi msaidizi. Wagonjwa wa vitanda vingine wakainua vichwa. Kaka alijaribu kukaa vizuri. Nilimwona anajitahidi kunyoosha mgongo kama yuko mstarini, na machozi yakanitoka kwa hasira na kwa kumwonea fahari, vyote pamoja.

Wakamwekea fremu kifuani, wakajipanga kulia na kushoto. Mpiga picha akatazama kwenye kamera yake, akasogea, akatazama tena. Akasema ile plastiki inaakisi mwanga, sura haionekani.

"Ishushe kidogo tu, Tanuri," Mkurugenzi akasema. "Watu wakuone."

Nikasema haishushwi. Nikasema daktari amekataza. Nilikuwa bado nasema nilipoona kaka ameinua mkono, akaivuta barakoa mpaka shingoni, akatabasamu. Picha ikapigwa.

Mpiga picha akasema macho yamefumba, turudie.

Mimi nilishairudisha usoni kwake. Niliishikilia pale kwa mikono miwili, nimewapa wao mgongo, nasikia hewa inaingia. Mkurugenzi akaniambia Dada Stoo, tafadhali, ni mara moja tu, tuna kikao. Sikugeuka. Kisha nikausikia mkono wa kaka juu ya mikono yangu, wa baridi, na nikadhani ananishukuru. Alikuwa ananibandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, ili apigwe picha.